Uzi: Ndege wa msituni hafuatwi. Tuzungumze picha za ndege wafichaji, kuanzia Mombasa mpaka Sokoke

Mwambao_Kisauni

Asalaam aleikum jamaa zangu wa pwani, na habari zenu mlio bara.

Kila mtu akituma humu picha ya ndege wa msituni, swali la kwanza huwa "umetumia lenzi gani?" Mwenye picha akitaja lenzi yenye bei ya pikipiki, mmoja anakata tamaa na mwingine anaingia mkopo. Huyo wa mkopo anakwenda msitu wa Arabuko-Sokoke, kule Kilifi, na lenzi mpya, anazunguka njia zote tangu alfajiri hadi adhuhuri, anarudi na picha za majani na nusu ya mkia. Jambo hili laniuma. Msitu ule tunafika kwa asubuhi moja tu kutoka Nyali, na una ndege ambao watu huvuka bahari kuja kuwaona.

Neno langu ni moja na nitalieleza kwa marefu: ndege wa msituni hafuatwi. Unajua anapopita, unatangulia, unakaa, unamngoja. Ukilishika hilo, kamera uliyo nayo mkononi itakufaa zaidi ya unavyodhani.

Yangeyange wa kwenye matope ya Tudor au Mida anaishi peupe. Unamwona kwa mbali, naye anakuona, na akizoea kuwa husogei zaidi anaendelea na uvuvi wake. Ndege wa msituni anaishi kwenye kiza cha majani. Anaokota wadudu chini ya majani makavu au ndani ya kichaka, na mwenzake humtambua kwa sauti kabla ya rangi. Ukitembea, kila hatua yako juu ya majani makavu ni tangazo. Anakaa kimya, unampita mita tatu, na hutajua kamwe kwamba alikuwepo.

Kwa hiyo la kwanza ni kuujua msitu wenyewe. Arabuko-Sokoke ina karibu kilomita za mraba 420, lakini mle ndani mna misitu mitatu, na udongo ndio unaokwambia uko wapi. Mashariki, upande wa barabara ya Malindi, ni msitu wa mchanganyiko wenye mibambakofi. Hapo ndipo pa akalati wa pwani, yule mdogo mwenye kifua cha rangi ya chungwa, na pa sange mwenye matako ya dhahabu (mnyama mdogo mwenye pua ndefu, si ndege, lakini hakuna atakayemwacha apite bila picha). Katikati kuna mchanga mweupe na miti ya mirihi. Miti iko mbalimbali, mwanga unaingia, na ndege wengi wako juu vileleni: kwera wa Clarke, chozi wa Amani, makundi ya ndege mchanganyiko. Magharibi udongo unageuka mwekundu na vichaka vya Cynometra vinafungamana hadi huoni mita kumi mbele. Huko ndiko kwa bundi mdogo wa Sokoke, Otus ireneae, ambaye hata shubiri moja hafiki. Wataalamu walimjua mwaka 1965 tu, na ukimwondoa hapa petu na vilima vya chini vya Usambara kule Tanzania, hapatikani kwingine.

Sasa mtu anayemtafuta bundi huyu kwenye mchanga mweupe, hata awe na lenzi ya milimita 600, atapata nini? Udongo kwanza, sauti pili, kamera tatu.

Karibuni tuchangie. Mwenye swali aulize, mwenye ujuzi aongeze.

---

BintiTudor

Waaleikum salaam kaka. Uzi umekuja wakati wake. Mimi nina lenzi ya 70-300, ile inayoishia f/5.6, na kamera ya mkono wa pili niliyonunua kwa mtu. Ufuoni picha zatoka safi kabisa. Nikiingia chini ya miti tu, kila kitu ukungu. Ndege yuko wazi mbele yangu, ametulia, picha yatoka imepepesuka. Fundi mmoja mjini kaniambia lenzi imekwisha. Ni kweli?

---

Mwambao_Kisauni

Dadangu, ikiwa ufuoni yatoka safi, lenzi ni nzima. Usimpe fundi pesa.

Kinachokuponza ni mwanga. Ufuoni saa tatu asubuhi kamera yako inafyatua kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde bila wewe kuiomba. Ukiingia chini ya mbambakofi, mwanga unaoifikia kamera ni sehemu ndogo mno ya ule wa nje, hata kama jicho lako limezoea na halioni tofauti kubwa. Kamera ikiachiwa ijiamulie, yashusha kasi hadi sehemu ya 20 au ya 30 ya sekunde, na kwa lenzi ya 300 hakuna mkono wa mtu unaotulia hapo.

Kwa hiyo fungua tundu la lenzi lote, yaani hiyo f/5.6 yako. Kasi iweke mwenyewe, usiiachie kamera. Ndege aliyetulia, anza na sehemu ya 125 ya sekunde. Halafu pandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka picha iwe na mwanga, iwe 3200, iwe 6400, usiogope. Watu wanaogopa chenga, zile punje zinazotokea ISO ikipanda, kupita kiasi. Picha yenye chenga husafishika kwenye kompyuta, lakini iliyotikisika haina dawa.

Mwili wako nao ni stendi. Kaa chini, viwiko juu ya magoti, mgongo kwenye mti. Ukiwa na mguu mmoja wa kuegemeza kamera ni bora kuliko ule wa mitatu, kwa sababu ndani ya kichaka mitatu haina pa kutanukia. Ikiwa lenzi ina kizuia mtikisiko, kiwashe, ila ujue kinazuia mtikisiko wako wewe. Ndege akigeuza kichwa, hakimsimamishi.

Na ndege hugeuza kichwa kila wakati. Mtazame kabla hujafyatua. Akilia, koo na mkia vinatetemeka. Akinyamaza, pana nusu sekunde ametulia kabisa. Hapo ndipo pa kufyatua, tena mfululizo, picha tano au sita kwa mpigo. Moja itakuwa kali.

Fokasi tumia nukta moja ndogo ya katikati. Hizi kamera mpya zenye kutafuta jicho la ndege ni nzuri sana mahali peupe, lakini kwenye kichaka hushika jani la mbele na kung'ang'ania. Weka nukta kwenye kichwa, na ikikataa, zungusha pete ya lenzi kwa mkono hadi karibu, kisha iachie kamera imalizie.

Kuna mitego miwili ya mwanga nimalizie nayo. Ndege akiwa juu na mbingu nyeupe nyuma yake, kamera itadanganyika na kumtoa mweusi tii. Ongeza mwanga hatua moja au mbili, mbingu iungue, haidhuru, wewe wamtaka ndege. Mtego wa pili ni madoadoa ya jua. Kuanzia saa tatu hivi jua hupenya majani na kuangusha vipande vyeupe juu ya mgongo wa ndege, na picha ya namna hiyo hairekebishiki. Asubuhi yenye wingu ndiyo siku yako. Wenzako wakisema "leo hakuna jua, turudi", wewe ingia msituni.

Tena piga faili ghafi (RAW), usipige zile zilizobanwa (JPEG). Chini ya miti mwanga wote umechujwa na majani, kifua cheupe cha ndege hutoka na ukijanikijani, na ni faili ghafi tu inayokuruhusu kuuondoa bila kuharibu rangi nyingine.

---

Mzee_wa_Mivinje

Vijana, nimesoma na nimefurahi. Niongeze kidogo juu ya mahali pa kujifunzia, kwa sababu Sokoke si karibu kwa mtu asiye na gari.

Nendeni Haller Park pale Bamburi. Watu wanakwenda kutazama twiga na viboko, wanapita chini ya mivinje bila kuinua macho. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya chokaa ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu. Mwaka 1971 Dakta René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ni kati ya michache iliyoweza kushika kwenye mwamba ule. Lakini majani ya mvinje hayaozi upesi, yakawa yanalundikana tu. Akaleta jongoo. Jongoo wakala majani, wakatoa udongo, udongo ukaleta wadudu, wadudu wakaleta ndege. Mimi naona kila mpiga picha wa ndege aelewe mlolongo huo, maana ukiuliza ndege yuko wapi, unauliza chakula chake kiko wapi.

Kivuli cha pale kinafanana na cha msituni, na ndege wake wamezoea watu. Jizoezeni kwa mdiria na kwa yule mla nzi mwenye mkia mrefu wa rangi ya kutu, hatulii hata kidogo. Ukimpata yeye akiwa mkali kwenye picha, uko tayari kwa Sokoke.

---

BintiTudor

Shikamoo mzee wangu, na ahsante sana. Miaka yote naenda pale na watoto wa dada, habari ya jongoo sikuijua. Jumamosi naenda na kamera.

---

Likoni_Kamera

Salaam wote. Kaka Mwambao, nakuheshimu na picha zako nazijua, lakini hapa kwenye kungoja nina langu.

Mimi hupeleka wageni kutoka hoteli za Diani. Mgeni ana asubuhi moja tu, amelipa, anataka akalati. Nikimwambia tukae chini tungoje, ataniona sina kazi. Nikitoa spika ndogo na kupiga sauti ya akalati kwenye simu, dakika mbili ndege yuko mbele yetu kwenye tawi, mgeni anapiga picha, tunaondoka, ndege anarudi kwenye shughuli zake. Sikumshika, sikumgusa. Madhara yako wapi? Naomba jibu la kweli, siyo la kunilaumu.

---

MwanaGede

Kaka wa Likoni, nitakujibu mimi kwa sababu huko ndiko ninakoshinda, na nakujibu kwa heshima kwa kuwa nasi tunakula kwa wageni hao hao.

Akalati anapokuja kwenye spika, haji kwa sababu amependa wimbo. Amesikia dume mwingine ameingia shambani kwake, anakuja kupigana. Ameacha kula, na kama ni msimu wa kuzaa ameacha makinda. Anamtafuta adui asiyeonekana. Wewe umefanya dakika mbili na kuondoka, sawa. Baada yako anakuja mwenzako na wageni wake, njia ile ile, ndege yule yule. Msimu wa watalii ukichanganya, ndege mmoja anayeishi karibu na njia anachokozwa asubuhi baada ya asubuhi. Mwishowe anafanya moja kati ya mawili: anahama pale, au anaacha kujibu. Njia zile zinazopitwa zaidi ndizo ambako leo utapiga spika hadi betri iishe usipate jibu. Tuliozaliwa hapa tunaona tofauti.

Na kuna jambo ambalo wengi wenye spika hawalijui. Pita wa Afrika, yule mwenye tumbo jekundu na mgongo wa kijani, ndiye kila mgeni anamtaka. Lakini pita hazalii huku kwetu. Anazaa kusini, na huko ndiko anakoruka na kulia. Kwetu pwani anapita na kukaa wakati wa kusi, kati ya Mei na Oktoba hivi, kuja kula na kupumzika, na muda huo mara nyingi yuko kimya. Sasa unampigia spika ya nini? Hana shamba la kulinda hapa. Mkesha wa madoa ni vivyo hivyo, naye ni mgeni wa kusi.

Hawa wawili utawapata kwa sikio. Nenda magofu ya Gede asubuhi mapema, kaa kwenye ukuta wa zamani mahali penye majani makavu mengi, usitembee. Kima watakuja kwanza kukagua mfuko wako, fungeni vyakula. Wakiondoka, sikiliza majani. Kuku wa msitu, kororo, huparura mfululizo na kwa kelele. Mkesha hupindua jani moja, anasimama, anasikiliza, anapindua jingine. Pita huruka hatua mbili tatu kisha kimya kirefu. Ukishazitofautisha sauti hizo tatu, utajua ni nani anayekuja kabla hujamwona, na kamera itakuwa tayari usoni. Kuinua kamera wakati ndege ameshatokea ndiko kunakowapotezea watu wengi picha.

---

Mwambao_Kisauni

MwanaGede, Mungu akuzidishie. Hayo ya majani hayamo kwenye kitabu chochote cha kamera.

Yakhe Likoni, swali lako ni la haki, na mimi sitaki ukose riziki. Mgeni aliyelipa hawezi kuambiwa kaa tu, Mungu atajalia. Ndiyo maana nasema kungoja kwataka ujuzi wa wapi pa kungoja. Nitaje mahali pengine ninapopaamini.

Siafu. Ukikuta msafara wa siafu unavuka njia, usiruke ukaenda zako. Siafu wakitembea, wadudu wote wa chini wanakimbia, na ndege wanajua. Mkesha mwenye mkia mwekundu, yule wa Neocossyphus ambaye siku za kawaida ni kivuli tu, hufuata siafu kwa ajili hiyo hiyo. Tafuta kichwa cha msafara, rudi nyuma mita nane au kumi, ingiza suruali ndani ya soksi, kaa upande ambao mwanga uko nyuma yako. Ndege atatua chini, ataokota, atapanda kijiti, atashuka tena. Hatakujali, kwa sababu chakula kinamkimbia.

Pengine ni kwenye kundi la ndege mchanganyiko, hasa kwenye mirihi. Dakika ishirini msitu mtupu, halafu ghafla miti yote ina ndege: mramba mmoja au wawili, kigong'ota, wale wenye vishungi vya mbele vya rangi ya kahawia wanaotembea kwa familia, chozi, wengine wengi wadogo. Kosa linalofanywa na karibu kila mtu ni kuingia katikati ya kundi. Kundi lina mwelekeo. Tazama dakika moja linaelekea wapi, zunguka kwa mbali upite mbele yake, simama penye mwanya kati ya miti miwili. Watakupitia juu mmoja mmoja. Ukilifuata kwa nyuma utapiga migongo na mikia hadi uchoke, na kundi litaharakisha.

Trogoni wa Narina naye ana siri yake. Ana tumbo jekundu la ajabu, lakini mara nyingi anakaa amekupa mgongo, na mgongo wake ni kijani cha majani. Husogeza kichwa polepole sana. Ukimwona, usijaribu kumzunguka. Subiri arukie mdudu. Akirudi kwenye tawi mara nyingi anageuka.

---

Bi_Saada_Kwale

Wanangu, hamjaitaja Shimba Hills, nami sitakubali.

Kutoka mjini ni karibu kuliko Sokoke, na siku hizi kwa barabara ya Dongo Kundu huna lazima ya kungoja feri. Watu wanakwenda kuona palahala, maana Kenya nzima wamebaki huko tu, na maporomoko ya Sheldrick. Lakini msitu wa Makadara una kurumbiza mwenye kichwa cha kijani na una turako wa Fischer. Turako huyo akikunja mabawa ni kijani na buluu, akiruka unaona wekundu kama wa damu. Wekundu ule una madini ya shaba ndani yake, ni rangi ya kweli ya unyoya, si mng'aro wa mwanga kama wa chozi. Ndiyo maana hata siku ya wingu hutoka vizuri kwenye picha. Usimpige akiwa amejificha kileleni. Yeye hukimbia juu ya tawi hadi mwisho wake kisha anaruka. Elekeza kamera mwisho wa tawi.

Ndovu wako wengi kule. Msishuke garini hovyo, na kutembea msituni ni pamoja na askari wa hifadhi. Nawaambia hasa mabinti: mkienda wawili watatu na askari mmoja, gharama mnagawana na roho inatulia. Mtu mwenye hofu hawezi kukaa kimya nusu saa.

---

BintiTudor

Bi Saada, shikamoo. Nitakutafuta kwa ujumbe, kuna wenzangu wawili wanataka sana.

Nina swali jingine, na ni la nyumbani. Mamangu anajua napiga ndege na anafurahi, ila kanikataza bundi. Hataki picha ya bundi ndani ya nyumba, asema ni uchuro. Bundi wa Sokoke ndiye ndege ninayemtamani kuliko wote. Nyinyi mmefanyaje majumbani kwenu?

---

Bi_Saada_Kwale

Mwanangu, usishindane na mamako. Hata kwetu bundi akilia juu ya paa watu walikuwa wakisoma dua. Mwoneshe kwanza kwenye simu, tena mwambie ukubwa wake na chakula chake. Bundi yule anakula wadudu, panzi na mende wa msituni, hali kuku wa mtu. Haji kwenye paa la mtu, haishi mjini, ameishiwa na mahali pa kukaa. Mimi nilipomweleza mama mkwe wangu hivyo aliuliza, "Sasa miti ile ikikatwa atakwenda wapi?" Picha hajaitundika, lakini hunituma nimwoneshe kila wageni wakija.

---

MwanaGede

Na ukimwendea bundi huyo, dada, sikiliza haya.

Mchana hulala, mara nyingi wawili bega kwa bega, ndani ya kichaka, mita chache tu kutoka chini. Wana rangi tofauti, yuko wa kijivu, yuko wa kahawia, yuko wa wekundu wa kutu, na wote wanafanana na majani makavu. Peke yako hutawaona. Nenda na mwongozaji wa pale, na akikwambia simama hapa, simama hapo hapo.

Tazama umbo lake. Akiwa mfupi mnene kama ngumi na macho amefumba, yuko salama. Akijinyoosha akawa mwembamba, masikio yamesimama, macho mistari miwili, ameshakuona na anajifanya tawi. Hapo umeshakaribia kupita kiasi. Rudi nyuma polepole, usimgeuzie mgongo kwa haraka. Piga chache, kwa mwanga uliopo, bila flashi, uondoke. Akiruka mchana, ndege wengine watamzonga na mwewe atamwona.

Kichaka kile chataka subira, na upige kupitia mwanya mdogo uliopo. Usivunje kijiti hata kimoja ili upate nafasi. Kijiti hicho ndicho paa lake.

---

Likoni_Kamera

Nimesoma yote mara mbili. Ya pita sikuyajua, na ni kweli spika haijawahi kuniletea pita hata siku moja, nikawa nadhani sauti niliyopakua ni mbovu. Ya siafu nitajaribu.

Sasa niambieni na hili: wageni wanataka niwatumie ramani ya mahali pa bundi ili wawape marafiki zao. Nafanya je?

---

Mwambao_Kisauni

Usitume. Zima pia alama ya mahali ndani ya kamera na simu, kwa sababu picha hubeba namba za eneo ndani yake hata wewe usipoandika kitu. Andika "Arabuko-Sokoke" tu, yatosha.

Ukitaka taarifa zako zifae, zipeleke Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya. Wao hugawanya nchi kwa miraba ya kilomita tisa kwa tisa hivi. Mraba wasaidia utafiti na haumwoneshi mtu kichaka chenyewe.

Chukua habari ya kwera wa Clarke. Alielezwa kitaalamu mwaka 1913, ni wa Kaunti ya Kilifi tu, haishi kwingine duniani, na viota vyake havikujulikana hadi 2013, vilipopatikana kwenye kinamasi cha Dakatcha. Miaka mia moja ndege alikuwa juu ya vichwa vyetu kwenye mirihi kila mwaka, na hakuna aliyejua anazalia wapi. Kinamasi hujaa maji na kukauka, na kwera huzaa pale mvua inaporuhusu. Ndege wa namna hiyo, eneo moja likivamiwa na wapiga picha, hana kwa kwenda. Picha zake nzuri utazipata kwenye mirihi ya Sokoke wakati wa kundi mchanganyiko, dume mweusi na njano vileleni. Kwenye viota waachieni watafiti.

---

BintiTudor

Swali la mwisho, nimechoka kuona alama za ukungu kama utando wa buibui ndani ya lenzi ya kaka yangu. Hii hewa yetu vipi?

---

Mwambao_Kisauni

Huo ni ukungu wa kweli, unaota na kula kioo. Hewa ya pwani ina unyevu na chumvi. Usihifadhi kamera ndani ya mfuko wake wa ngozi au kabatini. Tafuta boksi la plastiki lenye mfuniko unaobana, uweke vile vifuko vya kunyonya unyevu, na uvibadilishe vikijaa. Ukitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, acha kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto, la sivyo kioo kitatoa jasho saa ile ile ndege anapotokea. Ya kaka yako, kama ndo imeanza, fundi mzuri aweza kuisafisha. Ikishaacha makovu kwenye kioo, basi tena.

---

Likoni_Kamera

MwanaGede, wageni wangu wajao ni wa Februari. Spika naiacha nyumbani. Niwakalishe wapi?

---

MwanaGede

Februari ni vizuri sana. Kaskazi inakuwa imekausha msitu, na vidimbwi vinavyobaki ni vichache, kwa hiyo ndege wote wa jirani wanakunywa hapo. Nipigie wiki moja kabla nikutazamie kipi bado kina maji. Mfike getini kabla ya saa kumi na mbili na nusu, mkae upande wa mashariki wa maji ili jua liwe mgongoni. Saa tatu hadi saa tano joto likipanda ndipo wanakuja kwa wingi kunywa na kuoga. Waambie wavae nguo za rangi ya majani makavu, wasipake manukato, na ulete viti vifupi vya kukunja visivyolia mtu akijisogeza. Maji ya kunywa ya kutosha, kila mtu na yake.

---

Likoni_Kamera

Viti ninavyo, ila viwili vinalia. Nitavitia mafuta.